Gauni la bi harusi mwenye mwili mkubwa: Nguo ndiyo ifuate mwili

GAUNI la harusi huvaliwa kwa saa chache tu, lakini huenda likatazamwa na kupigwa picha kuliko vazi jingine lolote ambalo mwanamke atalivaa maishani. Kwa bi harusi mwenye mwili mkubwa, uteuzi wa vazi hilo aghalabu hugeuka kuwa mzigo. Magauni mengi yaliyotundikwa madukani yameshonwa kwa vipimo vya wanawake wembamba, na anayeingia humo akitafuta la kumtosha huenda akaambiwa kuwa halipo, au kwamba apunguze uzito kwanza.

Ushauri huo wa pili ndio chanzo cha hasara nyingi. Bi harusi hulipia gauni dogo akitumaini kwamba mwili utakuwa umepungua ifikapo siku yenyewe. Wiki ya harusi inapowadia, zipu inakataa kupanda, na fundi anapofumua mishono anakuta hakuna kitambaa cha kuongezea. Pesa zimekwenda na muda umekwisha.

Mafundi stadi hufuata kanuni moja: nguo ndiyo hukatwa ili iufuate mwili, wala si mwili kulazimishwa kuifuata nguo. Mambo mengine yote, kuanzia vipimo hadi kitambaa, hutokana na kanuni hiyo.

Desturi ilikotoka

Hakuna sheria inayomlazimu bi harusi kuvaa gauni jeupe wala la umbo fulani. Desturi ya rangi nyeupe ilienea baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kufunga ndoa na Albert mnamo Februari 10, 1840, akiwa amevalia gauni la satini nyeupe lililopambwa kwa lesi. Kabla ya hapo, maharusi wengi wa Ulaya walivaa gauni lao bora zaidi, la rangi yoyote, na kuendelea kulitumia baada ya sherehe. Desturi hiyo ilifika Afrika Mashariki pamoja na ndoa za kanisani.

Vivyo hivyo, dhana kwamba bi harusi sharti awe mwembamba haikuwa ya watu wote. Miongoni mwa Waefik wa Calabar, kusini mashariki mwa Nigeria, msichana aliyekaribia kuolewa alitengwa katika chumba maalumu, akalishwa vizuri na kufunzwa mambo ya unyumba. Alipotoka akiwa amenawiri na kunenepa, jamaa zake walijivunia, kwani unene ulihesabiwa kuwa ishara ya afya na neema.

Vipimo kwanza

Hatua ya kwanza si kutazama magauni bali ni kupimwa. Bi harusi apimwe na mtu mwingine, akiwa amesimama wima, amevaa sidiria atakayoivaa siku ya harusi na viatu vya kimo kile kile. Sidiria ikibadilishwa baadaye, kifua hupanda au kushuka na gauni lote likapoteza mkao wake.

Vipimo vya lazima ni kifua mahali kilipojaa zaidi, chini ya matiti, kiuno, tumbo, makalio, mzunguko wa mkono juu ya kiwiko, urefu kutoka begani hadi kiunoni, na kutoka kiunoni hadi sakafuni. Mwenye mwili mkubwa anafaa kupimwa tumbo na makalio mara ya pili akiwa ameketi. Mwili hutanuka mtu anapoketi, na gauni linalomkaa sawasawa akiwa wima laweza kumkaba wakati wa mahubiri au wa chakula.

Namba iliyoandikwa kwenye nguo si ya kutegemewa. Saizi 18 ya Uingereza hukaribiana na saizi 14 ya Marekani, ilhali watengenezaji wengi wa magauni ya harusi hutumia majedwali yao wenyewe. Si ajabu mwanamke akaangukia namba moja au mbili juu ya ile anayovaa kila siku. Hilo halimaanishi kuwa amenenepa. Ni jedwali tu lililobadilika. La muhimu ni kulinganisha vipimo vya mwili na vya gauni kwa inchi au sentimita.

Ikiwa kifua kinaangukia saizi moja na makalio saizi nyingine, gauni lichaguliwe kwa kipimo kikubwa zaidi, kisha sehemu nyingine zipunguzwe. Kupunguza nguo ni kazi nyepesi. Kuitanua hutegemea akiba ya kitambaa iliyoachwa ndani ya mishono, na katika magauni mengi ya madukani akiba hiyo ni ndogo mno.

Mikato na kazi zake

Mkato unaosifiwa zaidi kwa miili mikubwa ni ule wa herufi A, ambao hubana kidogo kifuani na kiunoni kisha ukafunguka taratibu hadi chini. Mbunifu wa mavazi Mfaransa, Christian Dior, ndiye aliyeupa umaarufu jina hilo kupitia mkusanyiko wake wa mavazi wa mwaka wa 1955. Mkato huu hauyang'ang'anii makalio wala mapaja, na humwezesha bi harusi kutembea, kupiga magoti na kucheza ngoma bila taabu.

Mkato wa empaya, uliovuma nchini Ufaransa katika enzi ya Napoleon mwanzoni mwa karne ya 19, hubana chini tu ya matiti na kuachilia kitambaa kiteremke. Humfaa mwenye tumbo kubwa au mjamzito. Hata hivyo, kwa mwenye kifua kizito, mshono huo ukikatwa juu mno utapita juu ya matiti badala ya chini yake, na gauni litaonekana kama hema. Fundi apime hapo kwa uangalifu.

Gauni la marinda mengi lililotanuka kama mwavuli hukidhihirisha kiuno na kuficha kila kitu kilicho chini yake. Kasoro yake ni uzito na joto, na kwa bi harusi mfupi linaweza kummeza. Dawa yake ni kupunguza tabaka za neti za ndani na kuanzisha marinda chini kidogo ya kiuno.

Mkato wa nguva, unaobana hadi karibu na magoti kisha ukapanuka, huwa baadhi ya wauzaji huwakataza wanene. Katazo hilo halina msingi. Mwenye makalio na kiuno kilichojitenga huweza kupendeza sana ndani yake, almuradi gauni lianze kupanuka juu kidogo ya magoti ili apate nafasi ya kupiga hatua, na kitambaa kiwe kizito cha kutosha kutochora kila mkunjo wa mwili.

Mpango wa mishono nao una uzito wake. Mishono mirefu inayoteremka kutoka begani au kwapani, ikapita juu ya kifua hadi chini ya kiuno, humpa fundi nafasi nyingi za kupunguza na kuongeza. Gauni lenye mishono ya ubavuni pekee haliwezi kufuata mwili wenye mabonde na vilima.

Kinachobeba gauni

Uzuri wa gauni la mwili mkubwa hutegemea yale yasiyoonekana. Gauni lisilo na mikono halipaswi kushikiliwa na matiti. Linahitaji vijiti vyembamba vilivyoshonewa ndani ya kifua ili kusimamisha kitambaa, na ukanda imara wa ndani unaofungwa kiunoni. Ukanda huo ndio hubeba uzito wa gauni. Bila huo, bi harusi atashinda akilivuta juu mbele ya wageni.

Mgongoni kuna uamuzi mwingine: zipu au kamba. Zipu huacha mgongo ukiwa laini, lakini haina huruma mwili ukiongezeka hata kidogo. Kamba zinazopitishwa katika vitanzi hukazwa au kulegezwa kwa sentimita kadhaa, na kitambaa kikiwekwa nyuma yake ngozi haionekani. Kwa anayejua kuwa uzito wake hupanda na kushuka, kamba ni bima nafuu.

Mikono ijaribiwe kwa vitendo. Bi harusi ainue mikono kana kwamba anamkumbatia mgeni, aketi, apige magoti na kuinuka. Kwapa likikatwa chini mno, gauni zima hupanda mkono unapoinuliwa. Anayetaka kusitiri mikono, au anayefungia ndoa katika kanisa linalotaka mabega yafunikwe, anaweza kushonewa mikono ya lesi, mradi itoke kwenye lesi ile ile ya gauni. Kwa bi harusi Mwislamu anayetaka kujisitiri hadi kwenye vifundo vya mikono, bitana nyembamba inayonyooka huzuia kitambaa kung'ang'ania ngozi.

Wengi husahau msuguano wa mapaja. Kaptura nyepesi ya kubana, inayofika katikati ya paja na kuvaliwa chini ya gauni, humwepusha bi harusi na michubuko ambayo humfanya achechemee kabla keki haijakatwa.

Kitambaa na hali ya hewa

Satini nyembamba yenye kung'aa huakisi mwanga na kuonyesha kila mkunjo, hasa kwenye picha. Satini nzito isiyong'aa sana, krepi na lesi iliyotandikwa juu ya bitana imara hutulia vyema zaidi. Shifoni hupendeza ikiwa juu ya kitambaa kingine, lakini haiwezi kusimama peke yake kifuani. Mapambo ya shanga yaelekezwe pale bi harusi anapotaka macho yaende, kama vile shingoni au kiunoni, badala ya kutapakazwa kila mahali na kuongeza uzito.

Harusi ya Mombasa mnamo Februari au Machi, jua likiwa kali, si sawa na ile ya Limuru mnamo Julai. Poliesta hairuhusu jasho kupita kwa urahisi. Bitana ya pamba humpunguzia mvaaji joto hata kama kitambaa cha juu ni cha kiwandani.

Kukodi, kununua au kushonesha

Maharusi wengi mijini hukodi gauni ili kupunguza gharama. Njia hiyo ni nafuu, lakini huwa na mtego kwa mwenye mwili mkubwa, kwani saizi zake huwa chache na mwenye duka huenda asikubali gauni lifumuliwe. Kabla ya kutoa arbuni, bi harusi aulize ikiwa gauni laweza kurekebishwa, nani atagharimia kazi hiyo, na pesa zitarejeshwa vipi lisipomfaa. Majibu yaandikwe kwenye risiti. Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo; ya kukodi husitiri tu ikiwa imerekebishwa.

Kuagiza gauni kutoka ng'ambo kupitia intaneti kuna hatari zake. Picha huwa ya mwanamitindo mwembamba, ushuru wa forodha huongezwa juu ya bei, na kulirejesha lisipotosha hugharimu pesa na muda.

Kwa sababu hizo, kushonesha ndiyo njia inayomfaa zaidi bi harusi mwenye vipimo visivyopatikana madukani. Vitambaa hupatikana katika barabara za Biashara jijini Nairobi na Mombasa, na vilevile mtaani Eastleigh. Fundi aombwe aonyeshe gauni alilowahi kumshonea mteja mwenye mwili kama huo, kisha ashone kwanza mfano kwa kitambaa cha bei rahisi. Makosa yarekebishwe kwenye mfano huo kabla ya lesi ya bei ghali kukatwa. Aidha, aagizwe kuacha akiba ya angalau inchi moja katika kila mshono mkuu.

Mwanamke asiyependa gauni la Kizungu hana deni kwa yeyote. Kitenge kilichokatwa vyema ni vazi kamili la harusi, na maua makubwa ya kitambaa hicho huonekana vizuri zaidi kwenye mwili wenye nafasi.

Muda na afya

Sheria ya Ndoa ya 2014 inawataka wanaofunga ndoa ya kiserikali nchini Kenya kutoa notisi isiyopungua siku 21. Gauni halishoneki vyema kwa muda mfupi kama huo. Ni busara kuanza miezi sita mapema, kumaliza mfano miezi mitatu kabla ya harusi, na kulijaribu gauni kwa mara ya mwisho kati ya wiki mbili na siku kumi kabla ya siku yenyewe.

Anayetaka kupunguza uzito kwa ajili ya afya yake anaweza kufanya hivyo, lakini asilifunge gauni kwenye ahadi hiyo. Mwili ukipungua, fundi atapunguza. Kujinyima chakula katika wiki za mwisho huleta kizunguzungu na uchovu, nayo koseti iliyokazwa kupita kiasi huzuia pumzi na kuchochea kiungulia. Dalili ya kuwa imekaza mno ni rahisi: mvaaji hawezi kuvuta pumzi ndefu akiwa ameketi.

Mwisho, bi harusi achague watu wawili tu wa kwenda naye kujaribu gauni. Shangazi, dada, mawifi na kamati nzima ya harusi wakijazana dukani, kila mmoja atakuwa na neno kuhusu mwili wake, na neno moja la kebehi laweza kumfanya anunue vazi la kujificha badala ya la kusherehekea. Awachague wanaotazama mishono, si wanaopima kiuno kwa macho.