Namna wauza sola wa Kenya walirudishiwa msamaha wa TVA

Wandugu, siye watu wa Bukavu tunakaa kwenye mlango wa mto Ruzizi. Ruzizi I inazungusha mashini tangu mwisho wa miaka ya 1950, Ruzizi II tangu 1989. Na bado, moto ya SNEL ikikatika, kila mtu anaangalia paa: sola iko? Njo maana napenda tupitie historia fupi ya Kenya. Inaonyesha namna bei ya sola inapangwa mbali na duka.

Tangu 2014 Kenya ilikuwa imesamehe TVA kwa vyombo vya sola. Mwaka 2020, Korona ikiwa imebana kila kitu, serikali ilitafuta pesa kila kona, na sheria ya fedha ya mwaka huo ikafuta ule msamaha. TVA ilikuwa 14%, Januari 2021 ikarudi 16%.

Wauza sola hawakuandamana. Walikuwa na chama chao, KEREA, na nyuma yake GOGLA, chama cha makampuni ya sola ya dunia chenye makao Uholanzi. Kazi waliyofanya inaitwa lobi (si ile lobi ya Lingala, jana na kesho!): kupeleka neno lako kwa wenye kuandika sheria, mbele ya sheria kupita. Katiba ya Kenya ya 2010 inalazimisha bunge kusikiliza raia kabla ya kupitisha sheria ya fedha. Kwa hiyo mlango uko wazi kwa wote. Lakini mwenye kuingia ni yule anajua tarehe, anajua namba ya kifungu, na anakuja na karatasi yenye hesabu.

Hoja yao ilikuwa ya akili. Serikali yenyewe ilikuwa imeahidi umeme kwa kila mtu kufikia 2022. Wao wakashika ile ahadi: itatimia namna gani, kama sola inapanda bei kijijini? Sheria ya fedha ya 2021 ikarudisha msamaha. Mwaka moja tu!

Asiseme mtu kwamba chama kinatosha. Tarehe 1 Julai 2021, gesi ya kupikia nayo ilianza kulipa TVA ya 16%. Makampuni ya mafuta na gesi yako na chama chao pia, cha zamani na chenye nguvu. Gesi ilingoja 2022 ishuke hadi 8%, na 2023 njo TVA ikaondoka. Mimi naona gesi ilikuwa kodi tamu mno: mama wa Nairobi ananunua kila mara, hawezi kuacha kupika.

Tena kuna jambo la kuangalia vizuri. Chama kilisema juu ya maskini wa kijijini, lakini wanachama wake ni wauzaji. Msamaha unamfikia kwanza mwenye kuingiza mali. Kama bei ya dukani inashuka sawasawa, hiyo inabaki kwa muuzaji na washindani wake. Sisemi ni uovu. Kila mtu anatetea mfuko wake. Ila mwenye kununua, nani alimwandikia karatasi?

Kwetu, sheria ya 17 Juni 2014 ilifungulia makampuni binafsi mlango wa umeme. Kisha ikaja dekreti 18/054 ya 27 Desemba 2018, yenye kupunguza kodi na forodha. FEC iko Kinshasa kutetea makampuni, na wauza sola wako na ACERD. Someni kichwa cha ile dekreti: kinataja kuzalisha umeme, kuuingiza na kuutoa nje ya inchi. Mkulima wa bonde la Ruzizi mwenye kutaka pampu moja ya sola, anyweshe nyanya zake mwezi wa saba, hayuko katika kile kichwa. Siye ba-agronome tunaweza kuhesabu maji anahitaji, gharama ya mazuti anachoma, na kodi iko ndani ya bei ya ile pampu. Hiyo karatasi, sijaiona kwa chama chochote cha wakulima huku kwetu.