Utunzaji wa Wazee katika Usharika: Fundisho la Leisnig, 1523

Katika Matendo ya Mitume sura ya 6 tunasoma kwamba manung'uniko yaliyosababisha kuchaguliwa kwa wale saba yalihusu chakula. Wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Basi tangu mwanzo utunzaji wa wanyonge haukuwa jambo la pembeni katika Kanisa. Katika insha hii tunapenda kutazama jinsi usharika mmoja wa wakati wa Matengenezo ulivyolijibu swali hilo.

Leisnig ni mji mdogo wa Saxony, katika Ujerumani. Mwaka 1523 wakristo wa mji huo na wa vijiji vilivyouzunguka walitunga utaratibu wa hazina ya pamoja, na Martin Luther akauchapisha pamoja na dibaji yake. Walichagua wasimamizi kumi: wawili kutoka kwa wakabaila, wawili kutoka halmashauri ya mji, watatu raia wa mjini, na watatu wakulima wa vijijini. Sanduku la fedha lilikuwa na kufuli nne, na kila kundi lilishika ufunguo wake, hata lisiweze kufunguliwa pasipo wote. Wasimamizi walipaswa kukutana kila Jumapili, na kutoa hesabu mbele ya usharika mara tatu kwa mwaka.

Lakini hazina hiyo haikuwa ya fedha tu. Utaratibu uliagiza vyombo viwekwe kanisani ili watu watie humo mikate, jibini, mayai, nyama na vyakula vinginevyo. Tena wasimamizi walitakiwa kununua nafaka na mbaazi wakati wa wingi, na kuziweka ghalani kwa ajili ya siku za uhaba. Wale wasioweza kufanya kazi kwa sababu ya ugonjwa au uzee, nao ni maskini kweli, walistahili kupewa posho kila Jumapili, na wakati mwingine wowote haja ilipotokea. Mzee aliyepata posho ya namna hiyo hakuwa na sababu ya kutangatanga akiombaomba; aliweza kumalizia siku zake miongoni mwa jirani zake.

Tuangalie mambo mawili. Kwanza, utaratibu haukuwaondolea jamaa wajibu wao: wenye uwezo walitazamiwa kuwasaidia watu wao, na usharika ulisimama pale ambapo jamaa hawakuwepo au hawakusaidia. Pili, mpango mzuri haujitekelezi wenyewe. Halmashauri ya mji ilikataa kukabidhi mali za wakfu zilizokusudiwa kuitegemeza hazina, na Luther alilazimika kumwandikia Mteule Frederick kuhusu shauri hilo. Waliokawilishwa na ubishi huo wa wakubwa ni maskini.

Je, sisi tumesimama wapi? Katika sharika zetu za Tanzania waumini huleta ndizi, mahindi, mayai na kuku madhabahuni, hasa kwenye sikukuu ya mavuno. Baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa uani, na fedha huingia katika hazina ya usharika. Sisi tuliokuwa wachungaji wa sharika tumesimamia minada hiyo mara nyingi, tukafurahia hesabu yake. Lakini tunakiri kwamba hatukuuliza kila mara ni bibi yupi, ambaye watoto wake wako mbali au wamekufa, analala njaa mita mia chache kutoka kanisani.

Hatusemi mnada ukomeshwe, maana kazi ya Kanisa yahitaji fedha. Twasema kila baraza la wazee wa Kanisa liweze kuandika orodha ya wazee wanaoishi peke yao, mtaa kwa mtaa. Sehemu ya sadaka ya mazao itengwe kabla ya kunadi. Na wanafunzi wetu wa theolojia waipeleke kwa mikono yao wenyewe. Hapo watajifunza maana ya udiakonia kabla hawajaifanyia mtihani.