Makarani Wengi, Rejesta Moja: Historia Fupi ya Kumbukumbu ya Pamoja katika Seva ya Apache

Mwezi Aprili 2019 watunzaji wa seva ya wavuti ya Apache walitoa toleo la 2.4.39. Miongoni mwa dosari zilizozibwa katika toleo hilo ilikuwamo moja iliyokaa ndani ya moduli ya kuhakiki watumiaji, iitwayo mod_auth_digest. Mtu mwenye jina na nywila halali aliweza kukubaliwa na seva kwa jina la mtu mwingine, na hivyo kufika mahali asiporuhusiwa. Hakulazimika kuiba nywila ya mwenzake. Dosari ilijitokeza pale tu seva ilipokuwa ikiendeshwa kwa nyuzi nyingi, na maombi ya watu wawili yakakutana ndani yake katika nukta moja ya wakati.

Nimeichagua dosari hii iwe mlango wa makala haya kwa sababu ina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa, na historia hiyo haiwahusu wahandisi peke yao. Ni habari ya taasisi iliyoamua kwamba mali iliyokuwa ikitumiwa na kila mmoja chumbani mwake itumiwe na wote kwa pamoja, kisha jukumu la kuilinda likawaangukia watu ambao wengi wao hawakuwamo katika uamuzi huo. Mtumishi wa umma aliyewahi kuona idara tatu zikiunganishwa kwa waraka mmoja ataitambua mara moja.

Tuanze na chimbuko. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, programu mashuhuri ya kuhudumia kurasa za wavuti ilikuwa ile iliyoandikwa na Rob McCool katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. McCool alipoondoka mwaka 1994, programu ilibaki bila mlezi. Wasimamizi wa tovuti walioitegemea wakaanza kuishona wenyewe kwa viraka, wakipelekeana marekebisho kwa barua pepe. Mapema mwaka 1995 wanane kati yao waliunda kundi la Apache, na mwezi Aprili wakatoa toleo lao la kwanza kwa umma. Mwaka huohuo Robert Thau alisanifu upya kiini cha programu. Tarehe 1 Desemba 1995 likatoka toleo la 1.0, na kufikia Aprili 1996 Apache ilikuwa seva inayotumika zaidi kuliko nyingine zote kwenye intaneti.

Usanifu wa Thau ulikuwa na mambo mawili ambayo ndiyo kiini cha habari yetu. La kwanza ni moduli. Kiini cha seva kilifanywa kidogo, na kazi nyingine zote, kama kuhakiki watumiaji, kuandika rekodi za maombi au kuelekeza anwani, zikaachiwa vipande vinavyochomekwa pembeni. Mtu yeyote duniani, bila kuomba kibali, aliweza kuandika moduli yake na kuiambatisha. La pili ni namna ya kuhudumia wateja wengi kwa wakati mmoja. Seva ilianzisha mapema michakato kadhaa, na kila mchakato ulihudumia mteja mmoja hadi amalize.

Wanafunzi wangu huelewa haraka ninapowapeleka masjala. Chukulia ofisi yenye makarani 50, kila mmoja ana chumba chake, meza yake na rejesta yake. Karani akiharibu rejesta yake, rejesta za wengine zi salama. Akizimia, mlango wake hufungwa na mwingine huajiriwa. Hiyo ndiyo Apache ya kwanza. Mwandishi wa moduli aliandika kana kwamba yuko peke yake ulimwenguni, kwa sababu ndani ya mchakato wake alikuwa peke yake kweli. Aliweza kuweka hesabu, jina la mtumiaji au matokeo ya muda popote alipopenda katika kumbukumbu ya mchakato wake, na hakuna aliyekuja kuyagusa kabla hajamaliza. Maelfu ya mistari ya msimbo iliandikwa katika amani hiyo.

Amani hiyo ilikuwa na gharama. Kila chumba kinahitaji samani zake, na kila mchakato ulihitaji sehemu yake ya kumbukumbu ya kompyuta. Mteja mwenye mtandao wa polepole alimshikilia karani mzima akimsubiri. Mwaka 1999 Dan Kegel aliandika makala yaliyosomwa sana akiuliza kwa nini kompyuta moja isihudumie wateja 10,000 kwa pamoja, ilhali vifaa vilikuwa na nguvu ya kutosha. Isitoshe, katika mfumo wa Windows kuanzisha mchakato mpya ni kazi ghali, na tayari toleo la 1.3 la mwaka 1998 lilipoendeshwa huko lilitumia mchakato mmoja wenye nyuzi nyingi.

Uzi, kwa lugha ya kompyuta, ni mkondo wa utekelezaji ndani ya mchakato. Mchakato mmoja unaweza kuwa na nyuzi nyingi, zote zikitumia kumbukumbu ileile. Turudi masjala: kuta zimebomolewa, makarani 25 wameketi kwenye meza moja kubwa, na rejesta ni moja. Nafasi imeokolewa, na taarifa zinapatikana kwa wote. Lakini tazama kinachotokea pale makarani wawili wanapotaka kuongeza idadi ya wageni waliohudumiwa. Rejesta inasema 41. Wa kwanza anasoma 41. Kabla hajaandika, wa pili naye anasoma 41. Wa kwanza anaandika 42, wa pili anaandika 42. Wageni wawili wamehudumiwa na rejesta imeongezeka kwa mmoja. Hakuna aliyekosea utaratibu aliofundishwa. Utaratibu wenyewe ulitungwa kwa ajili ya mtu aliye peke yake.

Mwezi Aprili 2002 Apache 2.0 ilitangazwa kuwa tayari kwa matumizi ya wote, nayo ilileta mpangilio uitwao worker: michakato michache, kila mmoja ukiwa na nyuzi nyingi, kwa kawaida 25. Hapo ndipo kila mwandishi wa moduli alipopaswa kujifunza adabu mpya, na inafaa kuieleza kwa kirefu, kwa maana ndiyo moyo wa jambo.

Adabu ya kwanza ni kutenganisha kilicho cha ombi moja na kilicho cha wote. Apache humpa kila mteja hifadhi yake ndogo ya kumbukumbu, inayozaliwa ombi linapofika na kufutwa linapokwisha. Taarifa ikiwekwa humo, uzi mwingine hauna sababu ya kuigusa. Adabu ya pili ni kwamba mipangilio ya seva, ambayo wote huisoma, isiandikwe tena baada ya seva kuanza kazi. Kusoma kwa pamoja hakudhuru. Kuandika ndiko kunakodhuru. Adabu ya tatu ni kufuli. Pale ambapo hapana budi wote waandike mahali pamoja, anayetaka kuandika hushika kufuli kwanza, huandika, kisha huliachia. Na kufuli nalo lina mitego yake. Liko linalofunga nyuzi za mchakato mmoja tu, na liko linalofunga michakato yote. Anayelitumia la kwanza akidhani ni la pili amefunga mlango wa mbele na kuacha wa uani wazi. Makufuli yakiwa mawili, uzi mmoja ukashika la kwanza ukingoja la pili, na mwingine ukashika la pili ukingoja la kwanza, zote mbili zitasubiri milele. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hawa wameshindwa hata kulipisha mlango.

Adabu ya nne ndiyo ngumu kupita zote: kumjua jirani unayemtegemea. Moduli hukopa kazi kutoka maktaba nyingine za msimbo, na maktaba hizo hukopa kwingine. Lugha ya C, ambayo Apache imeandikwa kwayo, ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na baadhi ya kazi zake za kale, mathalani localtime inayopanga saa na tarehe, huandika jibu katika sehemu moja isiyobadilika, mfano wa ubao mmoja ofisini. Karani anayechelewa kusoma ubao hukuta jibu la mwenzake. Viwango vya mwaka 1995 vilileta kazi mbadala zilizo salama kwa nyuzi, lakini nani angepekua kila maktaba iliyokuwa tayari imeandikwa?

Hapa ndipo PHP inapoingia. Lugha hii, aliyoianzisha Rasmus Lerdorf mwaka 1995, ilikuwa sababu ya watu wengi kutumia Apache, na iliishi ndani ya seva kama moduli. Toleo la 4 la mwaka 2000 lilikuja na uwezo wa kujengwa kwa namna iliyo salama kwa nyuzi. Lakini PHP yenyewe ni gundi iunganishayo maktaba nyingi za watu wengine, na usalama wa mnyororo ni usalama wa pete yake dhaifu kabisa. Kwa miaka mingi maelezo rasmi ya PHP yaliwashauri watumiaji wasiiweke katika Apache ya nyuzi kwenye seva za kazi halisi. Wasimamizi wakatii. Kwa hiyo Apache 2.0 ilipowasili na meza yake kubwa, sehemu kubwa ya watumiaji waliendelea na vyumba vya zamani. Mwanafunzi anayepakua PHP kwa ajili ya Windows hadi leo hukutana na mafungu mawili, lililo salama kwa nyuzi na lisilo salama, na aghalabu huchagua kwa kubahatisha. Chaguo hilo ni mabaki ya historia hii.

Suluhu ilipopatikana haikuwa ile iliyotazamiwa. Mwaka 2010 PHP 5.3.3 ilikuja na php-fpm, yaani PHP iliyotolewa nje ya seva na kupewa michakato yake yenyewe. Msimbo usioaminika kwenye meza ya pamoja ulirudishiwa vyumba vyake, na seva ikabaki na nyuzi kwa kazi iliyozimudu. Mwaka 2012 Apache 2.4 ikafanya mpangilio mpya zaidi wa nyuzi, uitwao event, kuwa wa kawaida kwenye mifumo inayoumudu.

Ninachokisifu katika mwenendo wa waasisi wa Apache ni kwamba hawakuubomoa ule wa zamani. Mpangilio wa vyumba, kwa jina la prefork, umeendelea kuwamo hadi leo, na msimamizi ambaye moduli zake hazijathibitishwa huuchagua bila kuaibishwa. Mageuzi yalisubiri wale waliotakiwa kuyabeba. Hata hivyo, kusubiri hakuondoi kila hatari, na dosari ya 2019 ndiyo ushahidi. Moduli ile ilikuwa ya nyumbani, si ya mgeni. Thamani ya siri iliyotokana na nywila ya mtumiaji, ambayo ilistahili kukaa katika hifadhi ya ombi moja, iliwekwa katika muundo wa mipangilio unaotumiwa na wote. Mtu wa pili akifika katika nukta hiyo, thamani ya mmoja hupimiwa jina la mwingine. Marekebisho yalikuwa mafupi: thamani ilihamishiwa mahali pake.

Dosari za aina hii hazionekani kwa majaribio ya kawaida. Wakaguzi 10 watajaribu mfumo mchana kutwa na hawataona kitu, kwa kuwa mgongano unahitaji wingi wa watu na bahati mbaya ya wakati. Siku ya kutangaza matokeo ya mitihani, au ya mwisho wa kulipa kodi, ndiyo siku ambayo wingi huo hupatikana. Kwa hiyo kauli ya kwamba jambo fulani halijawahi kutokea katika mfumo fulani ina uzito mdogo kuliko tunavyoupa.

Kwa wanaharakati na wanasheria nina neno la ziada. Tunaishi katika zama ambazo mtu huulizwa maswali mazito kwa sababu mfumo umeandika kwamba ni yeye aliyeingia saa fulani na kufanya jambo fulani. Seva ya 2019 ingeandika jina lisilo sahihi kwa uhakika uleule inaoandikia jina sahihi. Hapa Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, katika kifungu cha 18, inaitaka mahakama ipime uaminifu wa namna taarifa ilivyotengenezwa na kuhifadhiwa, na pia namna mwenye kuitoa alivyotambuliwa. Maneno hayo yapo. Yanahitaji watu wa kuyadai kwa maswali mahususi, badala ya kuridhika na karatasi iliyochapwa na mashine.

Na kwa watumishi wanaoandaa zabuni za mifumo ya umma, napendekeza maswali manne yaongezwe katika kila andiko. Ni taarifa zipi zinazotumiwa kwa pamoja na maombi ya watu tofauti? Nani anaruhusiwa kuziandika mfumo ukiwa kazini? Kufuli liko wapi, na linafunga hadi wapi? Maktaba za nje zinazotegemewa zimethibitishwa na nani kuwa salama kwa nyuzi? Mzabuni anayeijua kazi yake atayajibu kwa maandishi. Asiyeweza kuyajibu aendeshe mfumo wake katika vyumba vilivyotengana, na gharama ya kumbukumbu ya ziada iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.