Nyota ya Niesky: Pambo la Krismasi Lililozaliwa Darasani

Januari 1821, shule ya bweni ya wavulana huko Niesky, mji mdogo wa mashariki mwa Ujerumani, ilisherehekea kutimiza miaka 50. Uani ilitundikwa nyota ya karatasi yenye ncha 110, taa ikiwaka ndani yake. Haikuwa nyota ya Krismasi. Lilikuwa pambo la sherehe ya shule, na pengine lingesahaulika pamoja na hotuba za siku hiyo kama somo la hesabu lisingelipatia kazi nyingine.

Mwanafunzi anayechorewa piramidi ubaoni huona mistari tu. Akiikata piramidi hiyohiyo kwenye karatasi, akaikunja, akaipaka gundi na kuisimamisha mezani, anakuwa ameielewa kwa vidole vyake. Ndiyo maana katika miaka ya 1830 kutengeneza nyota kulikuwa sehemu ya masomo ya maumbo huko Niesky. Wavulana walipiga rula, wakapima pembe, wakakata. Mwisho wa kazi kila mmoja alikuwa na kitu kinachong'aa ambacho alikitengeneza mwenyewe.

Ili kuelewa kwa nini kazi ya darasani iligeuka kuwa desturi ya Krismasi, hatuna budi kujua wavulana hao walikuwa watoto wa nani. Shule ilikuwa ya Wamoravian, kanisa ambalo mizizi yake inarudi hadi kwa Jan Hus, aliyechomwa moto mwaka 1415 kwa sababu ya mahubiri yake. Mwaka 1722 wakimbizi wa imani kutoka Moravia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki, walipewa hifadhi katika ardhi ya kabaila Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, wakajenga kijiji cha Herrnhut. Miaka 10 baadaye kijiji hicho kilituma wamisionari wake wa kwanza katika kisiwa cha St. Thomas huko Karibi, kwa Waafrika waliokuwa watumwa mashambani. Wakafuata wengine: Greenland, Suriname, Afrika Kusini, Labrador.

Wazazi walikwenda, watoto wakarudishwa Ulaya. Ilikuwa desturi ya Wamoravian kwamba mtoto wa mmisionari, akifikisha umri wa kuanza shule, apandishwe meli na kupelekwa katika shule za bweni za kanisa, kama ile ya Kleinwelka na hiyo ya Niesky. Sababu zilieleweka: homa za nchi za joto ziliua watoto wengi, na huko walikokuwa wazazi wao hakukuwa na shule za kuwafaa. Lakini mtoto wa miaka saba hapozwi na sababu. Wako waliokaa miaka mingi bila kuwaona mama zao, na wako ambao hawakuwaona tena. Siwezi kuisimulia habari ya nyota hii nikairuka huzuni hiyo, kwa kuwa ndimo desturi yake ilimokulia. Katika mabweni hayo watoto walianza kuunda nyota kila ilipofika Jumapili ya kwanza ya Majilio, yale majuma ya kuisubiri Krismasi. Walipendelea karatasi nyeupe na nyekundu: nyeupe ya usafi, nyekundu ya damu ya Kristo. Waliporudi kwa jamaa zao walirudi na ujuzi huo, na nyota ikaanza kuwaka madirishani mwa nyumba za Wamoravian.

Hapa historia hii inaingia nyumbani kwetu. Mwaka 1891 Wamoravian walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa na kuanzisha kituo cha Rungwe, katika nchi ya Wanyakyusa. Mwaka 1898 walichukua kazi ya misheni ya Urambo huko Unyamwezi, na mwaka uliofuata wakafungua Mbozi. Kwa waliokaa Rungwe, safari ya kwenda Ulaya ilikuwa ya kushuka Ziwa Nyasa, kisha mto Shire, kisha Zambezi hadi baharini, ndipo meli kubwa ipatikane. Barua ya mtoto aliyeko bwenini ilipita njia hiyohiyo ya maji, na salamu za Krismasi ziliweza kufika Krismasi ikiwa imekwisha kitambo. Leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Watu wa Tukuyu, Mbeya, Tabora na Sikonge wanapoiona nyota hiyo, wanaangalia kitu cha familia yao.

Umbo la nyota ya kawaida ya Herrnhut, kama nyota hii inavyoitwa leo, ni la kupendeza kwa yeyote anayefurahia hesabu. Kiini chake kina nyuso 26: miraba 18 na pembetatu 8. Mraba mmoja wa juu huachwa wazi kwa ajili ya taa na kamba ya kutundikia. Zinabaki nyuso 25, na juu ya kila uso husimamishwa piramidi ndefu nyembamba. Kwa hiyo nyota ina ncha 25, yaani 17 zenye kitako cha mraba na 8 zenye kitako cha pembetatu. Mtoto anayezihesabu moja baada ya nyingine huku akizishikiza mahali pake anajifunza hesabu ambayo hakuna anayehitaji kumlazimisha.

Mtu aliyeitoa nyota bwenini na kuifikisha dukani ni Pieter Hendrik Verbeek, ambaye naye aliwahi kusoma Niesky. Karibu na mwaka 1880 alianza kuuza nyota katika duka lake la vitabu huko Herrnhut, na mwaka 1897 nyota zikaanza kutengenezwa kwa wingi. Mwanzoni kiini kilikuwa cha bati, na ncha za karatasi zilichomekwa juu yake. Mwaka 1925 ilipatikana hataza ya nyota isiyohitaji kiini, ambayo ncha zake hufungwa zenyewe kwa zenyewe kwa pini za kukunja. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha mwezi Mei 1945, sehemu kubwa ya katikati ya Herrnhut iliungua. Kiwanda kikaangukia mikononi mwa serikali ya Ujerumani Mashariki, na mwaka 1968 kilirudi kwa kampuni ya kanisa. Hadi leo ncha zinabandikwa kwa mikono. Julai 2024 UNESCO iliingiza Herrnhut, pamoja na makazi mengine ya Wamoravian ya Gracehill huko Ireland Kaskazini na Bethlehem huko Marekani, katika orodha ya Urithi wa Dunia, kando ya Christiansfeld ya Denmark iliyotangulia mwaka 2015.

Simlaumu Verbeek hata kidogo. Bila yeye nyota ingebaki siri ya mabweni mawili matatu. Hata hivyo, kitu kikishafungwa ndani ya boksi na kuwekewa bei, tunasahau upesi kwamba kiliundwa na watoto, na kwamba watoto wangali wanaweza kukiunda. Ukizichunguza desturi nyingine za Majilio utakuta mambo ni yaleyale.

Chukua shada la Majilio, lile la mishumaa minne tunaloliona makanisani. Lilitoka Hamburg, katika makao yaliyoanzishwa mwaka 1833 na Johann Hinrich Wichern kwa ajili ya watoto maskini na waliotupwa mitaani. Watoto walikuwa wakimuuliza Krismasi itafika lini. Mwaka 1839 akatwaa gurudumu la mkokoteni, akalipangia mishumaa 24: midogo myekundu 20 kwa siku za juma na mikubwa myeupe 4 kwa Jumapili. Mwaka huo Jumapili ya kwanza ya Majilio iliangukia Desemba 1, ndiyo maana hesabu ikawa 24 kamili. Kila siku mshumaa mmoja zaidi uliwashwa, na mtoto asiyejua kusoma tarehe aliweza kujionea mwenyewe siku zilizobaki. Matawi mabichi yaliongezwa baadaye. Kitu cha kwanza kilikuwa gurudumu na subira ya watoto wasio na kwao.

Kalenda ya Majilio nayo ilianzia nyumbani. Familia za Kiprotestanti za Ujerumani zilikuwa zikichora mistari 24 ya chaki mlangoni, na kila siku mtoto akifuta mmoja. Huko Maulbronn, mama mmoja aliyechoshwa na maswali ya mwanawe Gerhard, aliyezaliwa mwaka 1881, alifunga vibiskuti 24 kwenye kipande cha kadibodi ili ale kimoja kila siku. Gerhard Lang alikua, akawa mchapishaji mjini Munich, na mwanzoni mwa karne ya 20 akachapa kalenda ya picha 24 za kukata na kubandika. Vile vidirisha vya kufungua vilikuja baada ya hapo.

Denmark wana moyo wa karatasi, unaosukwa kwa vipande viwili vya rangi tofauti na kutundikwa kwenye mti wa Krismasi ukiwa na peremende ndani. Wa zamani kuliko yote unaojulikana ulitengenezwa na Hans Christian Andersen, mwandishi wa hadithi za watoto, mwaka 1860, kwa karatasi ya kijani na njano, na umehifadhiwa mjini Odense. Andersen alikuwa na mazoea ya kukata karatasi kwa mkasi huku akiwasimulia watoto hadithi. Anayejua kusuka mkeka wa ukili hatapata shida na moyo huu: chane moja hupita juu ya mwenzake, kisha chini. Watoto wetu wa chekechea wanaosuka mikeka ya karatasi wanafuata kazi aliyoiweka katika mafunzo yake Friedrich Fröbel, baba wa shule za chekechea, aliyefungua ya kwanza Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1830.

Nyumbani kwetu Krismasi ya mikono haikuwa ngeni. Tawi la mvinje au la msonobari liliwekwa kwenye ndoo ya mchanga, pamba ikabandikwa kuwa theluji, karatasi za rangi zikakatwa na kuunganishwa kuwa mnyororo kutoka kona hadi kona ya sebule. Sasa mapambo ya plastiki yamejaa masokoni na ni rahisi kununua. Mimi nasema mwaka huu jaribuni nyota.

Ile ya ncha 25 ni ngumu kwa watoto wadogo, basi anzeni na mchemraba. Tengenezeni boksi dogo la kadibodi lenye nyuso 6 za mraba, kila upande sentimita 8. Uso mmoja uacheni wazi kwa ajili ya kamba na taa, na nyingine zitoboeni katikati ili mwanga upite. Zinabaki 5, kwa hiyo piramidi zinazohitajika ni 5. Kwenye karatasi ngumu choreni pembetatu nne ndefu, zikiwa ubavu kwa ubavu, ncha zote zikikutana mahali pamoja. Kila kitako kiwe sentimita 8, urefu mara mbili au tatu ya hapo. Acheni ukingo wa upana wa kidole kwenye ubavu wa mwisho na kwenye vitako vyote vinne. Karatasi za kalenda ya ukutani zinafaa sana: ni ngumu, nyuma ni nyeupe, na ifikapo mwishoni mwa Novemba miezi yote iliyopita haina kazi tena. Gundi ipikeni wenyewe: vijiko viwili vya unga wa ngano katika kikombe cha maji, korogeni juu ya moto mdogo hadi uwe uji mzito, kisha acheni upoe.

Mtoto wa miaka mitatu anaweza kupaka gundi na kubonyeza. Wa miaka mitano anapaka rangi na kukunja kwenye mistari iliyopigwa rula na mkubwa. Wa miaka minane mwachieni apime mwenyewe, hata akikosea mara mbili. Msiweke mshumaa ndani. Karatasi na moto havikai pamoja, na tochi ndogo ya betri inatosha.

Jumapili ya kwanza ya Majilio huwa kati ya Novemba 27 na Desemba 3, na Wamoravian huiacha nyota ikining'inia hadi Epifania, Januari 6. Ncha zishikizeni bokseni kwa pini za kukunja au kwa uzi badala ya kuzigandisha kwa gundi. Zikifunguliwa huingia moja ndani ya nyingine na kukaa katika bahasha kubwa, na Desemba ijayo mtoto aliyekuwa akipaka gundi tu anaweza kupewa mkasi.