Picha ya Zamani Hufa Mara Mbili: Bujora na Kumbukumbu za Usukuma

Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, baada ya takriban kilomita 20 unafika Kisesa, wilaya ya Magu, na hapo jirani, kwenye kilima chenye mawe, ndipo ilipo Bujora. Waliosoma shule za Kanda ya Ziwa wengi wanaikumbuka kwa ziara za shule: ngoma, chatu wa Bayeye, na lile jengo lenye umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Leo tuache ngoma na chatu. Tuzungumze kuhusu kitu ambacho karibu kila nyumba ya Usukuma inacho, kabatini au kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na ambacho kinaharibika wakati huu unaposoma: picha ya zamani.

Kwa nini Bujora? Kwa sababu hapo ndipo Wasukuma walipokwisha kujiuliza swali hili zamani. Miaka ya 1950, Padri David Clement, Mkanada wa Quebec wa shirika la Wamisionari wa Afrika (wale wanaoitwa Mapadri Weupe kwa kanzu zao), ambaye wenyeji walimpa jina la Fumbuka, alishirikiana na wazee wa Kisukuma kukusanya vitu vya asili. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ikafuta utemi, na ghafla ngoma za kifalme, mikuki na viti vya watemi vikawa vitu visivyo na kazi. Vingi vingeoza au kuuzwa kwa watalii. Vilivyofika Bujora vikapona.

Ngoma ya mtemi ikikaa miaka mia bila kuguswa, bado ni ngoma. Picha haina uvumilivu huo. Tena hufa mara mbili: mara ya kwanza karatasi inapoharibika, mara ya pili anapofariki mtu wa mwisho anayewajua waliomo ndani yake. Na hivi vifo viwili havifuatani kwa mpangilio. Mara nyingi cha pili ndicho kinachotangulia.

Picha za Usukuma zilitoka wapi?

Mapadri Weupe walifungua misheni ya Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883. Baadaye wakaja Wajerumani na maofisa wao, kisha Waingereza. Wote hao walipiga picha, na nyingi ziliondoka nao.

Halafu kuna picha ambazo wananchi wenyewe walizilipia. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na pamba ikaongezeka. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, Paul Bomani akiwa kiongozi wake mkuu, na chombo hicho kikawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Pesa ya pamba ilileta mabati, baiskeli na cherehani. Ikaleta pia safari ya studio: mtu amevaa koti, mkono umeshika redio, nyuma pazia lililochorwa. Hizi ndizo picha ambazo mwenye sura ndiye aliyeamua aonekane vipi. Na ndizo zisizo na makavazi yoyote. Kavazi lake ni sanduku la bibi.

Kifo cha kwanza: kemia

Picha nyingi nyeusi na nyeupe za karne ya 20 ni karatasi iliyopakwa jelatini, na ndani ya jelatini kuna chembe ndogo sana za madini ya fedha. Hizo chembe ndizo weusi unaouona. Jelatini yenyewe hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, hasa ng'ombe na nguruwe. Yaani picha ya babu yako ni, kwa kiasi fulani, zao la mifugo. Kuvu wanalijua hilo. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 hadi 70 kwa muda, ukungu huanza kuota juu ya jelatini na kuila kama unavyokula mkate. Kando ya ziwa, miezi ya mvua, ndani ya chumba kisichopitisha hewa, kiwango hicho hakiko mbali.

Umewahi kuona picha ya zamani ambayo sehemu zake nyeusi zinang'aa kama kioo ukiigeuza kwenye mwanga? Hapo fedha imeanza kuhama. Unyevu na hewa chafu huigeuza kuwa ayoni, ayoni zinapanda hadi juu ya jelatini, kisha zinarudi kuwa fedha tena na kutengeneza utando unaong'aa.

Na zile zenye madoa ya njano na kahawia? Mara nyingi kosa lilifanyika siku ileile picha ilipozaliwa. Baada ya kusafishwa, picha huwekwa kwenye dawa ya kuifanya idumu, kisha inatakiwa isuuzwe kwa maji mengi ili dawa hiyo itoke. Sasa fikiria studio ya mji mdogo ambako maji yanakuja kwa ndoo. Aliyebania maji alibakiza salfa kwenye karatasi, na salfa hiyo imekuwa ikiila fedha polepole tangu hapo.

Picha za rangi za miaka ya 1970 zina kesi tofauti. Hazina fedha tena, zina rangi za kikemikali, na katika karatasi nyingi za wakati ule rangi ya samawati hutangulia kufifia hata picha ikiwa gizani. Ndiyo maana harusi nyingi za miaka ile leo zimekuwa nyekundu, kama vile watu wote walioa wakati wa machweo.

Negativu nazo zina ugonjwa wao. Filamu nyingi za katikati ya karne iliyopita ni za asetati, na asetati ikianza kuoza hutoa asidi ya siki. Asidi hiyo huharakisha kuoza zaidi, na kuoza zaidi hutoa asidi zaidi. Kwa nyuzi joto 21 na unyevu wa asilimia 50, filamu mpya hukadiriwa kuchukua takriban miaka 40 kabla ugonjwa haujaanza. Kwenye joto na unyevu zaidi ya hapo, muda unapungua. Ukifungua boksi la negativu ukasikia harufu ya siki, zitenge na nyingine kwanza, kisha zipewe nafasi ya mbele kwenye foleni ya kunakiliwa.

Kifo cha pili: majina

Aliyezaliwa mwaka 1941 alikuwa na miaka 20 Uhuru ulipopatikana. Mwaka 2031 atakuwa na miaka 90. Huyo ndiye anayeweza kukwambia kwamba yule wa tatu kutoka kushoto ni shangazi, kwamba wale walikuwa Bagika na si Bagalu, na kwamba siku ile waliocheza upande wa pili walishindwa. Hakuna skana inayoweza kusoma hayo.

Jina likishapotea, mwanahistoria anabaki kuwa mpelelezi. Kuna mbinu, na zinafanya kazi kiasi. Bendera ya TANU ikionekana, picha ni ya baada ya Julai 1954, na kwa kawaida ni ya kabla ya Februari 1977 chama kilipoungana na ASP na kuzaliwa CCM. Meli ya MV Victoria ikiwa bandarini, basi si kabla ya 1961. Sarafu au noti yenye sura ya Nyerere, si kabla ya 1966. Maandishi ya kanga, aina ya baiskeli, paa la nyasi au bati, kila kimoja kinapunguza miaka ya kukisia. Lakini ushahidi wote huo unakupa mwaka tu. Haukupi mtu.

Wanasayansi wa fani nyingine nao wana deni kwenye picha hizi. Kati ya 1961 na 1964 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kwa zaidi ya mita mbili. Picha ya familia iliyopigwa ufukweni Mwanza, mawe yakionekana nyuma, inaweza kuonyesha maji yalikuwa wapi, kama tu mahali na tarehe vinajulikana. Vilevile upande wa Shinyanga: misitu ilifyekwa kupambana na mbung'o enzi za Waingereza, kisha mradi wa HASHI ukaanza mwaka 1986 kurudisha ngitili. Kurudi pale alipopiga mtu wa zamani na kupiga tena kutoka sehemu ileile ni mbinu inayokubalika ya kupima mabadiliko ya mazingira. Inahitaji picha moja ya zamani na mtu anayekumbuka ilipigiwa wapi.

Zilizoko ughaibuni

Baadhi ya picha za kwetu zimehifadhiwa vizuri kuliko za kwetu wenyewe, ila ziko mbali. Chuo Kikuu cha Frankfurt kimeweka mtandaoni mkusanyo wa picha za makoloni ya Ujerumani, takriban 55,000. Kavazi la taifa la Ujerumani lilikabidhi picha zaidi ya 80,000 kwa Wikimedia Commons mwaka 2008, zikiwemo za Walther Dobbertin, mpiga picha aliyefanya kazi Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mapadri Weupe wana kavazi lao Roma. Wamarekani wa Maryknoll, waliohudumu Musoma na Shinyanga, wanatunza lao Ossining, mji mdogo wa jimbo la New York.

Ukitaka kutafuta, tafuta kwa tahajia yao: Wajerumani waliandika "Muansa", si Mwanza. Na ujiandae kwa jambo moja linaloudhi. Katika picha za aina hiyo ni kawaida Mzungu kutajwa kwa jina na cheo, halafu watu kumi waliosimama naye wakaandikwa "wenyeji". Hapo kifo cha pili kilitokea siku ileile picha ilipopigwa. Wa kuwafufua, kama inawezekana, ni wajukuu wao wa Magu, Misungwi na Sengerema watakaoangalia na kusema, "Huyu namjua."

Hesabu ndogo ya kidijitali

Kunakili picha si gharama kubwa kama watu wanavyodhani. Picha ya sentimita 10 kwa 15, ukiiskani kwa nukta 600 kwa inchi, inakuwa na piseli takriban 2,360 kwa 3,540. Hizo ni kama milioni 8.4, kila moja baiti tatu za rangi: megabaiti 25 bila kubanwa. Picha 1,000 ni gigabaiti 25, na zinaingia kwenye flashi ya kawaida ya gigabaiti 32.

Lakini flashi moja si hifadhi. Kanuni ya watunza kumbukumbu ni nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja ikae mji mwingine. Na usiite WhatsApp kavazi: ukituma picha kwa njia ya kawaida inabanwa na maelezo madogo yanapotea. Itume kama faili.

Ile ya asili usiitupe. Na tafadhali, usiipige laminesheni. Mtaani tunaona laminesheni ni heshima, kumbe ni joto, gundi na plastiki ambavyo havitatoka tena. Albamu zenye gundi na nailoni juu nazo ni adui. Bahasha ya karatasi safi, sanduku lisilogusa sakafu wala ukuta wa nje, mbali na jiko na mchwa, inatosha kuanzia. Picha iliyogandia kwenye kioo cha fremu usiibandue; iskani hivyohivyo ikiwa ndani ya kioo.

Si kila picha ni ya kila mtu

Hapa Bujora ina somo jingine. Vyama vya Kisukuma kama Bayeye, wa nyoka, vilikuwa na maarifa ya ndani ambayo mtu aliyapata kwa kuingizwa chamani. Hans Cory, mtafiti aliyefanya kazi serikalini enzi za Waingereza, alichapisha michoro ya ukutani ya Bayeye mwaka 1953, na leo mtu yeyote anaweza kuiona. Je, wenyewe wangekubali? Swali hilohilo linahusu picha za matambiko, za wagonjwa kwa mganga, za watu waliovuliwa nguo ili mgeni apige "aina za makabila". Kuhifadhi ni jambo moja, kuanika ni jingine. Familia au chama kikisema picha itunzwe ila isisambazwe, hilo ni jibu kamili, na mtunzaji anapaswa kuliandika kama anavyoandika tarehe.

Anzia hapa

Vifaa vya kazi ya kwanza ni penseli laini na simu ya kurekodi sauti. Likizo ijayo ukienda nyumbani, mwombe bibi au babu afungue sanduku. Weka picha moja mbele yake, washa kurekodi, halafu nyamaza. Usimwulize mwaka kwanza. Wazee wengi hawahesabu kwa kalenda. Uliza ilikuwa kabla au baada ya nani kuolewa, mvua ile kubwa, kuhamia vijijini. Andika majina nyuma ya picha, pembeni, kwa penseli na kwa mkono mwepesi. Kalamu ya wino hupenya hadi mbele. Taja kutoka kushoto kwenda kulia, jina la mtu, la baba yake, na kijiji.

Skana inaweza kusubiri mwaka ujao, maana kemia inakwenda polepole. Mzee wa miaka 85 ndiye asiyepaswa kusubirishwa.