Mbonyeo wa Kidari na Mchoro wa Umeme wa Moyo

Kwa Kilatini madaktari huandika pectus excavatum, yaani kifua kilichochimbwa. Jina hilo linapotosha kidogo, maana hakuna kilichochimbwa wala kuondolewa. Inadhaniwa kwamba magegedu yanayounganisha mbavu na mfupa wa kidari hukua kupita kiasi, yakausukuma mfupa huo ndani, kuelekea uti wa mgongo. Kwa hiyo napendelea mbonyeo wa kidari. Sufuria ikigongwa hubonyea: bati lake lipo lote, ila umbo limeingia ndani. Wengine husema kifua kilichozama, lakini kitu huzama kwa uzito wake chenyewe, na hapa kipo kinachosukuma.

Mbonyeo huu humpata takriban mtoto mmoja kati ya 300 hadi 400, wavulana zaidi ya wasichana, na mara nyingi huzidi wakati wa kubalehe. Ukiwa mkubwa, moyo hukosa nafasi nyuma ya kidari, hivyo husogea kushoto na kujizungusha kidogo. Ventrikali ya kulia, iliyo mbele, ndiyo hubanwa zaidi.

Hapo ndipo inapoanza istilahi ya pili, ambayo ni ngumu zaidi. Elektrokadiogramu, kipimo ambacho hospitalini huitwa ECG, hunasa umeme wa moyo kwa elektrodi zilizobandikwa juu ya ngozi. Elektrodi ya V1 hubandikwa pembeni mwa kidari upande wa kulia, katika nafasi ya nne kati ya mbavu. Moyo ukihama, elektrodi hiyo hubaki palepale ikitazama sehemu nyingine ya moyo. Wimbi la P, linaloonyesha umeme unavyopita katika vyumba vya juu, huweza kuonekana limeelekea chini lote. Mchoro huweza kufanana na ule wa kizuizi kisichokamili cha tawi la kulia la njia za umeme wa moyo, na wakati mwingine hata na ule wa ugonjwa wa Brugada, ambao huweza kusababisha kifo cha ghafla. Naweza kuwaza hofu ya mzazi anayesomewa majibu hayo bila kuambiwa lolote kuhusu kifua cha mwanawe.

Upasuaji hurudisha nafasi. Mwaka 1949 Mark Ravitch alieleza njia ya kuondoa magegedu yaliyoharibika umbo. Mwaka 1998 Donald Nuss na wenzake, huko Norfolk, Virginia, walichapisha njia nyingine isiyoondoa magegedu: chuma kilichopindwa hupitishwa nyuma ya kidari, kisha hugeuzwa ili kukiinua, na huachwa humo kwa miaka 2 hadi 3 hivi. Kidari kikiinuka, moyo husogea kuelekea mahali pake, na wimbi la P katika V1 huweza kurudia sura ya kawaida.

Ripoti ikisema tu kwamba umeme wa moyo umebadilika baada ya upasuaji, mgonjwa ataelewa kwamba moyo wake umeingia hitilafu. Tafsiri hiyo siikubali. Ninayoitetea ni mabadiliko ya mchoro wa umeme wa moyo. Ni ndefu, lakini neno mchoro linabeba ukweli wenyewe: njia za umeme ndani ya moyo huweza kuwa zilezile kabisa, na kilichobadilika kikawa ni mahali moyo ulipo mbele ya elektrodi.

Hata hivyo neno hilo lisitumike kufunika kila kitu. Utando unaouzunguka moyo huweza kuvimba baada ya upasuaji, nao huacha alama zake katika ECG. Kwa sababu hiyo mchoro wa kabla ya upasuaji uhifadhiwe pamoja na wa baada yake, na mwingine uchukuliwe chuma kikishatolewa. Mgonjwa pia awaambie wahudumu kwamba ana chuma kifuani: ikibidi kuushtua moyo kwa umeme, inashauriwa bamba moja libandikwe mbele ya kifua na jingine mgongoni.