Kasigau Haikuulizwa

Ukitaka kujua kwa nini mtu wa Kasigau si mwepesi wa kumshangilia mwanasiasa, anzia Agosti 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani walikuwa wameiteka Taveta mwaka mmoja kabla, na vikosi vyao vidogo vilikuwa vikikata nyika kwenda kulipua reli ya Uganda. Mlima wetu wa Kasigau umesimama peke yake katikati ya tambarare. Aliye juu yake anaona mbali. Waingereza waliweka kituo cha askari hapa, Wajerumani wakakivamia, na aliyepigwa akatafuta wa kumlaumu. Ikasemwa wenyeji ndio waliomwonyesha adui njia. Hapakuwa na kesi wala shahidi. Nyumba zilichomwa, na watu wa vijiji vinavyouzunguka mlima wakaswagwa hadi Malindi, kwenye njaa na malaria. Wengi walizikwa huko. Waliosalia walihamishiwa baadaye upande wa Mwatate, na haikuwa hadi miaka ya 1930 ndipo walipoachiwa kurudi nyumbani.

Nyanya yangu mzaa baba alizaliwa uhamishoni. Hakuwa mtu wa hadithi ndefu, lakini kila chifu alipoitisha baraza, yeye alikuwa na swali moja kwa waliorudi: "Wamewauliza, ama wamewaambia?" Nilikua nikilisikia swali hilo kabla sijajua siasa ni nini.

Waliorudi kutoka uhamishoni waliukuta mlima mahali pake, ila nyika iliyouzunguka haikuwa yao tena. Ilikuwa ardhi ya Mfalme wa Uingereza. Wenzetu wa milimani waliunda chama, Taita Hills Association, kupinga kunyang'anywa mashamba, nacho kikapigwa marufuku mwaka 1940 pamoja na KCA ya Wakikuyu na chama cha Wakamba. Mwaka 1948 ikaja mbuga ya Tsavo. Leo Tsavo Mashariki na Magharibi zimemeza takriban asilimia 62 ya kaunti ya Taita Taveta. Kilichobaki kimegawanywa baina ya ranchi, mashamba ya mkonge, na sisi na ndovu. Ndovu, kusema kweli, ana mawakili wengi kutuzidi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi hapa Rukanga. Nimewahi kuketi kama karani wa uchaguzi kwenye darasa lile lile nililofundishia, nikipaka wino vidole vya watu niliowafundisha kusoma. Majirani wananiita mwanamageuzi, wengine kwa heshima, wengine kwa kunisuta. Sikatai. Naamini ardhi ni ya wanaoishi juu yake, kodi ni ya kujenga hospitali, na mwanamke ana haki ya kurithi bila kuomba ruhusa kwa kaka zake. Mpwa wangu yuko Massachusetts, amekuwa raia wa huko, na kila msimu wa uchaguzi wao hunipigia simu: "Shangazi, ungekuwa huku ungempa nani kura?" Anadhani ni mchezo. Kumbe siasa za Marekani zilifika Kasigau kabla yeye hajazaliwa.

Zilifika kwa mawe. Mwaka 1973 mwanajiolojia Mmarekani, John Saul, na mwenzake Tim Miller walipata rubi kule Mangare, upande huu wetu wa Tsavo Magharibi. Mwaka uliofuata mgodi ulikuwa mikononi mwa watu waliokaribiana na ikulu ya Mzee Kenyatta, na Saul amefukuzwa nchini. Ubalozi wa Marekani ukaingilia kati, magazeti ya kwao yakaandika. Mgodi huo unaitwa kwa jina la John Saul hadi leo. Sina ugomvi naye, alidhulumiwa kweli. Lakini pima mwenyewe. Wageni wawili wakipokonywa shimo, balozi anagonga mlango wa rais. Vijiji vizima vilipochomwa mwaka 1915, aliyegonga mlango kwa niaba yetu ni nani? Na rubi yenyewe, haikutujengea hata kisima.

Mwaka huohuo wa 1974 duka la Tiffany la New York lilianza kuitangaza duniani garneti ya kijani ambayo Campbell Bridges, mzaliwa wa Uskoti, aliipata katika nyika hizi. Wakaipa jina la Tsavo. Vijana wetu bado wanaichimba kwa sururu, na bei bado inapangwa na wengine.

Sasa siasa yenyewe. Nikiwa msichana wa sekondari, mtu aliyenifungua macho alikuwa Mashengu wa Mwachofi, mbunge wa Wundanyi kuanzia 1979, mmoja wa wabunge saba ambao Charles Njonjo aliwakejeli kuwa "dada saba wenye ndevu". Walikuwa wachache, na waliuliza maswali bungeni wakati wengine walikuwa wakipiga makofi. Ilikuwa fahari kwetu kwamba Taita imetoa mmoja wao. Haikudumu. Kufikia 1982 Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria, na Marekani, ambayo tangu 1980 ilikuwa na mkataba wa kutumia bandari ya Mombasa kwa meli zake za kivita, haikuona haja ya kusema sana. Bandari ilikuwa muhimu kuliko kura zetu.

Kura yangu ya kwanza niliyoipiga kwa akili timamu ilikuwa ya mlolongo, Februari 1988. Vijana wa leo huniambia natia chumvi. Tulipanga foleni uwanjani nyuma ya picha za wagombea, wanachama wa KANU, chama hicho kimoja, peke yao, na aliyepata asilimia 70 alipita bila kupigiwa kura ya siri. Mwalimu alikuwa mwajiriwa wa serikali, na chifu alikuwa amesimama kando na daftari. Nilisimama kwenye foleni fupi. Tulikuwa wachache kiasi kwamba tulijuana majina, na hesabu ilipotangazwa foleni yetu ilikuwa fupi zaidi kuliko tulivyojihesabu wenyewe. Kilichofuata ni uhamisho wa kwenda shule ya mbali, na sitasema ni nani aliyeutia saini.

Ninapofikia jinsi vyama vingi vilivyorudi, mpwa wangu hushangaa, maana mtu wa mrengo wangu angetarajiwa kusema mabaya tu juu ya chama cha Republican. Smith Hempstone, balozi aliyekuja mwaka 1989, aliteuliwa na George Bush mzee. Alikuwa mwandishi wa habari mwenye msimamo wa kihafidhina na mdomo usio na breki. Mei 1990 alisimama mbele ya wafanyabiashara Nairobi akasema Bunge la nchi yake litapendelea kuzisaidia nchi zinazolinda demokrasia. Serikali ya Rais Moi ilikasirika kweli kweli. Novemba 1991 wafadhili wakazuia misaada, na Desemba kifungu cha 2A cha Katiba, kile cha chama kimoja, kikafutwa. Namshukuru Hempstone. Ila sikubali historia inayoanza na kuishia kwake. Ukuta wa Berlin ulikuwa umeanguka, bandari ya Mombasa haikuwa na uzito ule wa zamani, na Washington ikagundua ghafla kwamba tuna haki. Walioumia ni wapinzani kina Matiba na Rubia waliowekwa kizuizini, ni waliopigwa risasi kwenye maandamano ya Saba Saba, Julai 1990, ni akina mama waliokaa Uhuru Park mwaka 1992 kudai wana wao waliofungwa, wakavua nguo mbele ya polisi. Desemba 1992 nilipiga kura ya siri. Hiyo niliipata kwa hao kina mama.

Juu ya Obama nitasema kidogo, maana imesemwa sana. Novemba 6, 2008 Rais Kibaki alitupa siku ya mapumziko kusherehekea kura iliyohesabiwa vizuri Marekani. Miezi kumi kabla ya hapo, zaidi ya watu 1,000 walikuwa wakiuawa kwa sababu ya kura zetu wenyewe. Nilikaa nyumbani siku hiyo nikapalilia.

Kilichoileta Marekani hadi mlangoni petu kilikuwa kaboni. Kampuni ya Wildlife Works ya California iliingia ranchi ya Rukinga mwishoni mwa miaka ya 1990 (wageni huichanganya na Rukanga yetu, ranchi ni ile, kijiji ni hiki). Baadaye ukaja mradi wa kuzuia ukataji wa miti katika ukanda wa Kasigau, takriban hekta 200,000 za ranchi zilizo baina ya Tsavo mbili. Februari 2011 ulikuwa mradi wa kwanza wa aina yake duniani kupewa hati za kaboni chini ya kanuni za VCS. Utaratibu wenyewe si mgumu: mti usipokatwa, kaboni inabaki ndani yake; inapimwa, inakaguliwa, hati inaandikwa, na kampuni ya mbali inainunua kufidia moshi wake. Mwaka 2016 Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lilitoa hati fungani ya dola milioni 152 ambayo mwekezaji angeweza kulipwa riba yake kwa kaboni ya Kasigau, na aliyesimamia bei alikuwa BHP, kampuni kubwa ya kuchimba madini. Mchimba makaa ya mawe akinunua pumzi ya miti yetu: hapo mtu anaweza kucheka au kukasirika, na mimi nimefanya yote mawili.

Sitaki kuwa mnafiki. Fedha hizo zimelipa basari, na wapo niliowafundisha darasa la tatu ambao leo ni wauguzi na walimu kwa ajili yake. Matangi ya maji yapo, madarasa yapo, askari wa wanyamapori wanapata mshahara. Kamati za kaboni za kila lokesheni huchaguliwa na wenyeji, na nimeona mikutano yake ikiendeshwa vizuri kuliko ya mabaraza fulani makubwa. Lakini Novemba 2023 shirika la Kenya Human Rights Commission na lile la Kiholanzi, SOMO, yalitoa ripoti yenye madai ya wanawake kunyanyaswa kingono na baadhi ya wakubwa wa mradi. Wildlife Works ilisema imechunguza na kuchukua hatua. Kwangu lililouma zaidi lilikuwa kwamba mwanamke hakuwa na mahali pa kulalamika ambapo hapakuwa mikononi mwa anayemlipa. Marafiki wa mpwa wangu kule Boston, watu wema wanaochangia pesa kila wanapopanda ndege, wanapenda miti yetu. Sijasikia wakiuliza mkataba uliandikwa kwa lugha gani na ulisomwa mbele ya nani.

Kisha Januari 20, 2025. Kwa siku moja Donald Trump alitia saini kuitoa Marekani katika Mkataba wa Paris na kusimamisha misaada ya nje. Julai 1 USAID, shirika lao la misaada, ikafungwa rasmi. Sisi tunaishi kwenye barabara ya vumbi itokayo Maungu, na Maungu ni mahali ambapo madereva wa malori hulala. Ukimwi ulitumaliza watu katika miaka ya 1990. Dawa za ARV zilizookoa waliobaki zililetwa na mpango ulioanzishwa na George Bush mdogo mwaka 2003, naye Republican pia. Mama mmoja jirani aliyekuwa akilipwa na mradi wa mpango huo kuwafuatilia wagonjwa majumbani aliambiwa kwa simu asije kazini tena. Aliendelea kwenda wiki kadhaa bila malipo, kwa bodaboda ya mwanawe.

Mpwa wangu alimlaani Trump hadi muda wa simu ukaisha. Nilimwacha amalize, kwa kuwa hasira yake ni yangu. Lakini nilimwambia: kitu kinachoweza kuuawa kwa kalamu ya mtu mmoja hakikuwa haki, kilikuwa hisani. Tulipewa kwa upendo wa Bush, tukanyang'anywa kwa chuki ya mwingine, na mara zote mbili sisi hatukuwamo chumbani. Wanaoniudhi zaidi wako Nairobi. Mwaka 2001 marais wa Afrika waliahidi kule Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Nchi yetu haijawahi kufika hapo. Tuliwaachia wapiga kura wa Ohio na Pennsylvania kuamua kama mgonjwa wa Maungu atameza dawa, halafu tunashangaa walipoamua. Hata basari za hapa kwetu ni vivyo hivyo: mheshimiwa anazigawa kama peremende, na mwaka wa uchaguzi picha yake inakuwa kubwa kuliko hundi.

Kwa hiyo siku hizi nina shughuli zaidi na sheria moja kuliko kampeni za Washington. Mwaka 2023 Bunge letu lilirekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi. Sasa mradi wa kaboni wa ardhini unaofanyika kwenye ardhi ya jamii lazima uwe na mkataba wa maendeleo na jamii yenyewe, na asilimia 40 ya mapato, kwa uchache, iende kwa jamii hiyo. Imeandikwa, si hisani. Ugumu unaanza unapouliza jamii ni nani. Sehemu kubwa ya nyika hii iko chini ya ranchi zenye wanahisa, na wanahisa walioandikishwa miaka ya 1970 walikuwa karibu wote wanaume. Wengi wamekufa. Hisa zimelala kwa majina yao, na binti zao wanaambiwa wasubiri kaka zao waamue.

Katika mkutano wa wanahisa wa karibuni katibu alisoma rejista, na alipofika jina la baba niliitika mimi. Akaniuliza kama nina barua ya urithi kutoka mahakamani. Ninayo, imenigharimu nauli nyingi za Voi na wakili aliyetaka kulipwa kabla ya kusalimiwa. Wanawake walioketi nyuma yangu hawana. Tumeanza kuandika orodha, kitongoji kwa kitongoji, ya nani alirithi nini na karatasi gani inakosekana, na tunataka iwe imefika kortini kabla ya Agosti 2027, kabla magari yenye vipaza sauti hayajaanza kuja kutuomba kura.